Mchanga kwa Kila Kilo

Jumatatu, 20 Oktoba 1997

Inatangazwa kwa umma wa Kibirizi, hapa Kigoma, kwa wakazi, wapita njia na mbuzi watatu wa Leodgar mlinzi, kwamba leo saa nne na robo asubuhi ghala la dagaa la Mzee Nuhu limepokea chekeche. Ni jipya, la duara, lina fremu ya mti na waya usio na kutu. Nimelipokea mimi, Leonardi, karani wa ghala, kwa mikono miwili, nikalitundika kwenye msumari uliokuwa na kalenda ya mwaka juzi. Kalenda imestaafu. Hotuba haikuwepo, maana msemaji nilikuwa mimi na wasikilizaji walikuwa mbuzi.

Chanzo cha chekeche ni kitabu. Nilikipata sokoni Mwanga kwa muuza karanga aliyekuwa ameanza kukichana afungie bidhaa yake. Kurasa 61 hadi 88 zilikuwa zimeshakwenda na wateja. Kinahusu kupima ubora wa kazi viwandani. Mimi niliishia darasa la saba na Kiingereza nimejifundisha kwa kamusi, kwa hiyo ukurasa mmoja hunichukua jioni mbili. Lakini nimekielewa. Chagua kitu kimoja kinachopimika. Kipime kila siku, kiwekee nukta kwenye karatasi ya miraba. Chora mstari wa wastani katikati, na mwingine juu yake. Nukta ikivuka mstari wa juu, pana tatizo, litafute.

Nimechagua mchanga. Hakuna mtu aliyewahi kulalamikia mchanga. Wanalalamikia harufu, ila harufu haina uzito, na mchanga unao.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua. Dagaa hawakuanikwa.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimeeleza mpango wangu uwanjani. Tuna wanawake kumi na wawili wanaoanika, kila mmoja na kitanda chake, yaani nyavu kuukuu zilizotandazwa juu ya kokoto. Vitanda nilivigawa mwenyewe kwa kufuata daftari la kuandikishwa: namba moja hadi saba ni akina mama wa Ujiji na hapa Kibirizi, nane hadi kumi na mbili ni wakimbizi kutoka Kongo, waliovuka ziwa mwaka jana na wakaandikishwa mwisho. Kila jioni nitachukua kilo moja ya kila kitanda, nichekeche, nipime mchanga kwa mizani niliyoazima kwa sonara wa Ujiji.

Bi Hasna wa kitanda namba moja alisikiliza akiwa ameshika kiuno. "Mizani ya dhahabu kupimia mchanga," akasema. "Karani, mwanangu, oa."

Wakacheka wote. Siwema wa kitanda namba kumi hakucheka. Aliuliza, "Bwana Karani, weye utapima mchanga ama utapima siye?"

Nikamwambia namba hazina uso. Nililipenda jibu hilo kiasi cha kulirudia mara mbili.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nukta zangu za kwanza. Nimezitazama mpaka chai ikapoa.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua kubwa tangu alfajiri. Watu wote wana neno moja mdomoni, elnino, hata Leodgar aliyenisalimia kwa Kiha, "Mwakeye", kisha akaniambia mbuzi wake mmoja anaharisha kwa sababu ya elnino.

Jumamosi, 8 Novemba

Siwema alikuja dirishani wakati wa mapumziko. Dirisha la ofisi yangu linatazama vitanda vya mwanzo; hivyo vya mwisho viko nyuma ya pembe ya ghala, na mtu wa kule akitaka neno na mimi hana budi kuzunguka. Alitaka nimsomee barua ya Mzee Nuhu, ile ambayo kila mkimbizi wetu hutembea nayo kuonyesha kwamba ni mfanyakazi wa hapa. Aliijua ilivyoandikwa. Alitaka tu kusikia kama ina tarehe ya kuisha.

"Haina," nikasema. "Maadamu uko kazini, ni halali."

"Basi ni vizuri. Mi nangojea mutoto wangu."

Nikapata habari yote hapo hapo, kupitia dirishani. Siku walipoukimbia mji wao wa Baraka, boti ya kwanza ilimchukua yeye, na binti yake Elida, mwenye miaka tisa, akabaki mkononi mwa shangazi. Wote wawili sasa wako Kalemie. Shangazi ametuma neno: mwenye boti mmoja aitwaye Kasongo atamvusha mtoto ziwa likitulia. Siku gani, hajui. Kwa hiyo Siwema hawezi kwenda kambini Lugufu kama wenzake wengi. Mtoto atashuka Kibirizi, na amwone nani?

"Ndiyo maana kila boti inapofika unasimama," nikasema.

"Weye unaniandikia hiyo pia?"

Kwa kweli nilikuwa nimeiandika. Nina safu ya "muda uliopotea".

Ijumaa, 14 Novemba

Wastani wa majuma mawili. Kitanda cha kwanza hadi cha saba: gramu tisa za mchanga kwa kila kilo. Cha nane hadi cha kumi na mbili: gramu thelathini na moja. Mstari wa juu uko kwenye ishirini na nne. Wakongo wote watano wako juu yake kama ndege juu ya waya.

Nimekagua hesabu mara tatu. Ni sahihi. Sijawahi katika maisha yangu kuwa sahihi namna hii.

Jumatatu, 17 Novemba

Nilimpelekea Mzee Nuhu chati. Aliigeuza huku na huku, akaniuliza mstari mwekundu ni wa nini, nikamweleza, akaufuata kwa kidole.

"Kwa hiyo hawa ni wachafu."

"Sijasema wachafu, Mzee. Nimesema wako juu ya mstari."

"Na hawa wengine wako chini."

"Ndiyo."

"Basi umesema."

Mwezi ujao wanakuja wageni wa shirika linalonunua dagaa wetu kwa ajili ya kambi, na wafanyabiashara wengine watatu wanataka nafasi ile ile. Amesema chati itatundikwa mlangoni. Amesema kuanzia leo mimi si karani tu, ni Afisa Ubora, na ameniletea kiti chenye mgongo.

Nimekaa juu yake. Ni kizuri.

Alhamisi, 20 Novemba

Niliwakaripia wa kitanda cha nane hadi cha kumi na mbili. Niliwaambia wakung'ute nyavu. Siwema akanionyesha viganja vyake vilivyochubuka kwa kukung'uta. "Tunakung'utaka siku yote, Afisa." Aliposema Afisa wenzake waliinamisha vichwa. Nikadhani ni heshima.

Jumamosi, 22 Novemba

Gramu thelathini na tatu. Nikaandika pembeni: wakaidi.

Ijumaa, 28 Novemba

Leo Mzee Nuhu amewaachisha kazi wote watano. Alinitaka nisimame karibu nikiwa na chati. Nilisimama.

Bi Hasna ndiye aliyewatetea, sikutegemea. Anawasema kila siku kwa jinsi wanavyoongea, lakini leo alitoka kwenye kitanda chake na mikono yake yenye magamba akasema, "Nuhu, hawa wanaanika kuliko mimi. Mimi nalala saa nane, wewe unajua, kila mtu anajua."

"Karatasi haijui," Mzee Nuhu akasema. "Karatasi haina shangazi wala mjomba, Hasna."

Siwema hakunitazama. Alimtazama Mzee Nuhu. "Mzee, miye naomba barua tu. Kazi ondoa. Niachie ile barua mpaka mutoto afike."

"Barua ni ya mfanyakazi."

Mzee Nuhu alizikusanya zote tano akanikabidhi, nizikague na kuzihifadhi kwenye jalada. Ya Siwema ilikuwa imefungwa ndani ya nailoni, na nailoni ndani ya kitambaa. Ilinichukua muda kuifungua, na muda wote huo yeye alisimama pale akiningoja nimalize.

Jumanne, 2 Desemba

Lori la kuwapeleka kambini wakimbizi wasio na karatasi lilipita asubuhi. Bi Hasna anasema Siwema alikuwa amekaa ufukweni, mahali boti zinapofungwa. Hakukimbia. Alimwomba kila aliyekuwa karibu akumbuke jina la Elida na jina la Kasongo. Mimi nilikuwa ofisini. Nilisikia injini.

Alhamisi, 4 Desemba

Wanawake watano wapya, wote wenyeji wa Rusimbi. Nimewapa kitanda cha nane hadi cha kumi na mbili.

Jumatatu, 8 Desemba

Mvua, jua, mvua.

Jumatano, 10 Desemba

Nimechekecha dagaa wa akina mama wapya.

Thelathini.

Thelathini na mbili.

Ishirini na tisa.

Thelathini na moja.

Thelathini na tatu.

Nikasema mizani imeharibika. Nikapima msumari ninaoujua uzito wake. Mizani haikuharibika.

Alhamisi, 11 Desemba

Nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu chekeche lije: nilitoka ofisini, nikazunguka pembe ya ghala, nikakaa kwenye jiwe karibu na kitanda namba kumi kuanzia asubuhi hadi adhuhuri.

Njia ya wapagazi inapita hapo. Kila boti inapofunga, wapagazi thelathini hupanda na makreti ya dagaa wabichi vichwani, na maji yakichuruzika kutoka kwenye makreti hulowanisha miguu, na miguu huchota mchanga, na kwenye kona ya kitanda cha nane kila mpagazi hukaza mguu ili asiteleze, na mchanga huruka. Hauruki mbali. Unafika kitanda cha nane, cha tisa, cha kumi, cha kumi na moja, cha kumi na mbili. Mvua ikinyesha, kilima kinamalizia kazi.

Mpagazi mmoja aliniona nimekodoa macho. "Oyaa Afisa, umepoteza nini?"

Nilimwambia natafuta peni.

Watu hawakuwa na mchanga. Mahali ndipo palipokuwa na mchanga. Na aliyegawa mahali hapo ni mimi, kwa daftari. Huenda kitabu kinalionya jambo hili katika kurasa zilizofungia karanga. Huenda. Lakini kona ile iko hatua arobaini kutoka kwenye kiti changu, na haikuhitaji Kiingereza.

Ijumaa, 12 Desemba

Wageni wanakuja Jumatatu. Mzee Nuhu anataka chati ionyeshe "kabla na baada".

Jumamosi, 13 Desemba

Nimeweka nukta. Kitanda cha nane: kumi. Cha tisa: kumi na moja. Cha kumi: tisa. Cha kumi na moja: kumi na mbili. Cha kumi na mbili: kumi.

Nilizipandisha kidogo na kuzishusha kidogo ili zionekane za kweli. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo ninaloliandika hapa ili nisije nikajisahaulisha.

Jumatatu, 15 Desemba

Wageni walisimama mbele ya chati dakika mbili. Mmoja alisema "vizuri sana". Mwingine aliuliza choo kiko wapi. Oda tumepata.

Alhamisi, 25 Desemba

Kanisani. Padri alisali kwa ajili ya waliotenganishwa na jamaa zao. Nilifunga kiatu kilichokuwa kimeshafungwa.

Jumatatu, 5 Januari 1998

Mwezi wa Ramadhani. Uwanja uko kimya, Mzee Nuhu anaondoka saa saba kwenda kupumzika Ujiji. Treni haijafika siku nyingi, wanasema maji yamekata reli huko mbele. Ninaendelea kuchora nukta za uongo kila jioni. Za kweli naziandika nyuma ya daftari, sijui kwa nini.

Jumatano, 14 Januari

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, mvua ya rasharasha, Leodgar akaja mlangoni akijifunika gunia.

"Afisa, kuna watu wa boti. Wanatoka ng'ambo. Wanamwulizia Siwema."

Nikajua ni ndugu zake. Nikawaona tayari mbele yangu, wanaume wa Kikongo wenye sauti, wakiuliza nani alimwachisha kazi dada yao, na Leodgar akininyooshea kidole. Sikuuliza ni watu wangapi. Sikuuliza wanaume au wanawake. Sikusimama, maana ukisimama unaonekana dirishani.

"Waambie hayuko."

"Wakiuliza yuko wapi?"

"Sema Karani hamjui."

Leodgar alishusha gunia kichwani. Ni mtu mzima, ana wajukuu. "Humjui Siwema?"

"Mzee Leodgar, nina kazi."

Akaenda. Nikasogeza kiti mbali na dirisha. Nikatengeneza penseli iliyokuwa imeshatengenezwa.

Alhamisi, 15 Januari

Bi Hasna, akigeuza dagaa wake, kama mtu anayesema habari za hali ya hewa: "Kale katoto ka jana, kamefanana na mama yake mpaka shingo. Umewaelekeza vizuri njia ya Lugufu?"

Sikuelewa. Nikamwambia sikuelewa.

"Elida. Alikuja na Kasongo mwenye boti. Mimi nilikuwa mbali kule nachukua maji, niliwaona wanatoka getini wanashuka ziwani. Nikasema wanafuata mizigo botini, Karani amewapangia usafiri, maana huendi Lugufu kwa maji."

Boti ilikuwa imeng'oa nanga jana ile ile saa kumi. Kasongo aliwaambia wapagazi kwamba ameapa kumkabidhi mtoto mkononi mwa mama yake, si mkononi mwa mwingine, na kama kazini kwa mama hawamjui, basi anamrudisha kwa shangazi. Safari nyingine itakuwa ziwa likikubali.

Bi Hasna alinitazama usoni, na nadhani alisoma, ingawa kusoma hajui. Alichukua beseni lake akaenda kuanika upande wa pili.

Nimeandika mengi ya kuchekesha katika daftari hili kuhusu watu. Nimeyasoma usiku wa leo yote. Mtu pekee asiyekuwamo ni yule aliyekaa kwenye kiti.

Ijumaa, 16 Januari

Nilimpelekea Mzee Nuhu namba za kweli. Nilikuwa nimejitayarisha kufukuzwa. Nilikuwa nimeshafunga vitu vyangu, navyo havijai kikapu. Nikamweleza yote: kona, wapagazi, akina mama wa Rusimbi wenye gramu thelathini na moja, nukta nilizozibuni. Nilikuwa nimesimama.

Alikuwa amefunga, midomo imemkauka. "Kwa hiyo ni njia."

"Ni njia, Mzee."

"Leodgar! Ziba ile njia kwa magogo. Wapagazi wapite nyuma ya choo." Kisha kwangu: "Kuna lingine?"

Dakika tatu. Nilikuwa nimeziogopa dakika hizo tatu kwa zaidi ya mwezi.

"Na wale wanawake, Mzee? Zile barua?"

Akafikicha macho. "Walioko kambini hawatoki kwa barua yangu tena, Leonardi. Ingefaa wakiwa bado hapa." Baadaye kidogo akasema, "Nami nilikuwa nikipita kwenye kona ile kila siku. Usidhani ni wewe tu."

Hakuninyang'anya kiti. Nimekipeleka kwa Leodgar getini.

Jumanne, 20 Januari

Kitanda cha nane hadi cha kumi na mbili: gramu nane. Sikuichora.

Jumamosi, 24 Januari

Boti mbili kutoka ng'ambo, nimeshuka kuzipokea. Elida hapana.

Jumatano, 28 Januari

Moja. Hapana. Nimemtumia Siwema ujumbe kwa dereva wa lori la dagaa: mtoto yu hai, yuko Kalemie, atakuja. Sikumtumia habari ya dirisha.

Ijumaa, 30 Januari

Idi. Bi Hasna ameniletea sahani ya pilau. Aliiweka mezani, akaondoka. Ilikuwa vigumu kuila kuliko kumeza matusi.

Jumapili, 8 Februari

Upepo. Hakuna boti.

Alhamisi, 12 Februari

Tatu. Hapana. Wapagazi sasa wananiita Mama Elida.

Jumatano, 18 Februari

Hapana.

Jumamosi, 21 Februari

Saa tano asubuhi, boti ya Kasongo. Kasongo ni mtu mfupi mwenye kofia ya sufu, na ile sauti niliyokuwa nimeiogopa hana. Ameongea kwa upole mpaka nikainama kumsikia. Nilimwonyesha barua ya Siwema ile ya kwenye nailoni, niliyoitoa kwenye jalada, nikamwambia mimi mwenyewe nitamfikisha mtoto mkononi mwa mama yake. Bi Hasna aliapa pamoja nami, kwa sauti kubwa kuliko yangu. Kasongo akamtazama Bi Hasna, akakubali.

Elida amekonda. Kasongo anasema aliumwa homa majuma mawili baada ya safari ile ya kwanza, walilowa njia nzima ya kurudi.

Mtoto alinitazama muda mrefu. "Ni weye Karani?"

"Ni mimi."

"Ule muzee wa mulangoni alisema Karani hamujui mama."

Bi Hasna alikuwa pale. Leodgar alikuwa pale, akatazama mbuzi.

"Alikosea," nikasema. "Karani alikosea. Mzee wa mlangoni alisema alichotumwa."

Amelala kwa Bi Hasna.

Jumatatu, 23 Februari

Lugufu. Tumefika saa tisa juu ya magunia ya dagaa, lori limekwama matopeni mara mbili, na Elida hakulalamika hata mara moja.

Siyaandiki yale ya kukutana kwao. Niligeuka nikasoma namba ya lori.

Kisha Siwema akanishika mkono, majirani wakajaa, na akawa anasema kwa sauti, "Huyu ndiye bwana aliniletea mutoto! Huyu!" Wanawake wakapiga vigelegele. Wanne walikuwa wale wa kitanda cha nane, cha tisa, cha kumi na moja na cha kumi na mbili. Nao walipiga vigelegele. Elida peke yake alinitazama kimya, midomo imefungwa, kama mtu anayemtunzia mwenzake kitu.

Sikuweza kuvumilia kushukuriwa. Nilimfuata Siwema jikoni, yaani mawe matatu nyuma ya turubai, nikamwambia yote. Kona. Daftari. Nukta za uongo. Kisha dirisha, na kwamba ni mimi niliyesema simjui. Nilianza na mchanga kwa sababu ni rahisi zaidi, na dirisha likaja mwisho kwa sauti ndogo.

Alikuwa amepiga magoti juu ya beseni, ametia dagaa wa mgao wake, wa gunia lenye alama yetu. Aliposikia habari ya dirisha mikono ilisimama ndani ya maji. Sijui ilisimama kwa muda gani. Kisha ikaendelea. Alimwaga maji, akatia mengine, akafikicha, akamwaga, akatia mengine.

Chini ya beseni ulibaki mchanga, kijiko kimoja labda. Akautupa nje pamoja na maji ya mwisho.

"Ni sababu ya hii walitufukuza?" akauliza.

"Ndiyo."

"Gramu?"

"Gramu."

Alinitazama, na sikuona hasira usoni pake. Alikuwa anatafuta kuelewa. "Lakini Karani, dagaa si tunaosha?"

Dereva wa lori, aliyekuwa amekaa kwenye ndoo akingoja chakula, akasema kwao huwaosha mara tatu. Jirani akasema na kwao pia. Mimi tangu nifike Kigoma nakula hotelini, sijapika dagaa hata siku moja.

Dagaa huoshwa kabla ya kupikwa.